Kazi za Shuruti na Juhudi za Kimataifa za Kuzikomesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa Dar es Salaam kutoka kwa wafanyakazi wa majumbani, wazazi wenye watoto Uarabuni, waajiri na wajumbe wa serikali za mitaa. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji ameelekezwa kwenye swali husika.

## Misingi

1. Kazi ya shuruti ni nini hasa?

Maana inayotumika duniani inatokana na Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa Geneva mwaka 1930. Kwa mujibu wa mkataba huo, kazi ya shuruti ni kazi au huduma yoyote inayotakiwa kwa mtu chini ya tishio la adhabu yoyote, na ambayo mtu huyo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Kuna masharti mawili hapo, yaani tishio na kukosekana kwa hiari, na yote mawili yanapaswa kuwepo.

Neno adhabu limeachwa pana kwa makusudi. Halimaanishi kipigo au kifungo peke yake. Kumwambia mfanyakazi kwamba akiondoka atapoteza mshahara wa miezi ambayo amekwisha kuifanyia kazi ni tishio. Kushikilia pasipoti yake, kumtisha kwamba utampeleka uhamiaji, au kuahidi kwamba utamsingizia wizi mbele ya wazazi wake kijijini, navyo ni vitisho. Hiari nayo inaweza kuondolewa. Mtu aliyekubali kazi kwa moyo mweupe mwezi Januari anaweza kuwa katika kazi ya shuruti mwezi Juni, ikiwa alidanganywa tangu mwanzo au amezuiwa kubadili uamuzi wake. Kwa sababu hiyo, kila anapotuuliza mtu kama hali fulani ni kazi ya shuruti, sisi huanza kwa kumuuliza swali moja: akitaka kuondoka leo, nini kitampata?

2. Je, ni sawa na utumwa au usafirishaji haramu wa binadamu?

Vinaingiliana lakini si kitu kimoja. Utumwa, kwa Mkataba wa Shirikisho la Mataifa wa 1926, ni hali ya mtu kumilikiwa na mwingine. Usafirishaji haramu wa binadamu umeelezwa katika Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, na una sehemu tatu: tendo (kumtafuta, kumsafirisha au kumpokea mtu), njia (nguvu, hila au kutumia vibaya unyonge wake) na lengo la kumnyonya. Kwa mtoto, njia haihitaji kuthibitishwa. Mtu anaweza kuwa katika kazi ya shuruti bila kuvuka mpaka wowote wala kupanda basi, kwa mfano aliyezaliwa Tandale na kufungiwa kazini Tandale.

3. Mshahara mdogo ni kazi ya shuruti?

Peke yake, hapana. Mshahara ulio chini ya kiwango cha kisheria ni kosa la kazi na unaweza kudaiwa. Unaingia katika shuruti pale unapozuiliwa ili mfanyakazi asiweze kuondoka (swali la 10).

4. Nitazitambuaje dalili zake?

ILO imeorodhesha viashiria 11, ambavyo wakaguzi wa kazi na polisi hufundishwa kuvitumia. Navyo ni kutumia vibaya unyonge wa mtu, udanganyifu, kuzuiwa kutembea, kutengwa na watu, ukatili wa kimwili na wa kingono, vitisho, kushikiliwa nyaraka za utambulisho, kuzuiliwa mshahara, deni linalomfunga mtu kazini, mazingira mabaya ya kazi na makazi, na saa za ziada zilizopita kiasi. Kiashiria kimoja huweza kutosha, ila mara nyingi hupatikana kadhaa kwa pamoja.

Katika jiji hili kiashiria kinachopuuzwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kutengwa. Nyumba yenye geti refu, dada wa kazi asiye na simu, asiyeenda kanisani wala msikitini, na ambaye majirani hawajui jina lake, huonekana kwa wengi kuwa nyumba yenye heshima na utulivu.

5. Tatizo ni kubwa kiasi gani duniani?

Makadirio yaliyotolewa na ILO na wenzake mwaka 2022 yalionesha kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za shuruti. Kati yao milioni 17.3 walinyonywa katika sekta binafsi nje ya biashara ya ngono, milioni 6.3 walikuwa katika unyonyaji wa kingono wa kibiashara, na milioni 3.9 walilazimishwa na dola. Watoto walikuwa milioni 3.3. Idadi hiyo iliongezeka kwa takriban milioni 2.7 ikilinganishwa na makadirio ya mwaka 2016, ingawa mataifa yaliahidi katika lengo namba 8.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu kuikomesha kabisa ifikapo 2030. Faida haramu inayotokana nayo ilikadiriwa mwaka 2024 kuwa Dola za Marekani bilioni 236 kwa mwaka.

## Mikataba na utekelezaji wake

6. Kwa nini kuna mikataba miwili, wa 1930 na wa 1957?

Kwa sababu ilitungwa dhidi ya madhalimu wawili tofauti. Mkataba wa 1930 ulizilenga hasa serikali za kikoloni, na historia yetu inaeleza vizuri kwa nini. Watu wa Tanganyika walitozwa kodi ya nyumba na Wajerumani tangu 1898, na asiyekuwa na fedha alipelekwa kuifanyia kazi. Kulazimishwa kulima pamba ni mojawapo ya mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Chini ya Waingereza, vibarua waliandikishwa kwa namba na kupelekwa katika mashamba ya mkonge, ndiyo maana wazee wetu bado wanalitumia neno manamba, na wakati wa Vita Kuu ya Pili watu waliandikishwa kwa lazima kwenda kufanya kazi mashambani.

Mkataba huo, pamoja na wema wake, uliwaachia wakoloni mlango wazi. Ulitaka kazi za shuruti zikomeshwe katika muda mfupi iwezekanavyo, na katika kipindi cha mpito uliruhusu ziendelee kwa shughuli za umma kwa masharti maalumu. Vifungu hivyo vya mpito vilifutwa rasmi na Itifaki ya 2014, yaani nyongeza ya Mkataba huo huo Na. 29, miaka zaidi ya 80 baadaye. Ni vema jambo hilo likasemwa waziwazi, kwa sababu babu zetu walifanyishwa kazi chini ya vifungu hivyo.

Mkataba Na. 105 wa mwaka 1957 ulikuja baada ya dunia kuona kambi za kazi za serikali zilizowafungia wapinzani. Unakataza shuruti kwa makusudi matano: kumwadhibu au kumfundisha mtu kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa, kutumia nguvukazi kwa maendeleo ya uchumi, kusimamia nidhamu ya kazi, kuwaadhibu waliogoma, na kubagua kwa rangi, tabaka, taifa au dini.

7. Itifaki ya 2014 iliongeza nini?

Iliongeza wajibu wa kuzuia, kulinda na kufidia. Kabla yake mkazo ulikuwa kukataza na kuadhibu, wakati mhanga aliondoka mahakamani mikono mitupu. Sasa nchi iliyoridhia inapaswa kumwezesha mhanga kupata nafuu na fidia hata kama hana kibali cha kuishi nchini humo, na kuzipa mamlaka zake uwezo wa kutomshtaki kwa makosa aliyolazimishwa kuyatenda (swali la 17). Itifaki ilianza kutumika tarehe 9 Novemba 2016, na nchi ya kwanza kuiridhia ilikuwa Niger.

8. Tanzania imefungwa na mikataba hii?

Ndiyo. Tanganyika iliridhia Mkataba Na. 29 na Na. 105 tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru. Ibara ya 25 ya Katiba ya 1977 inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano, kisha inataja hali ambazo hazihesabiwi kuwa shuruti. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaifanya kuwa kosa la jinai, na kinataja wazi kazi ya kufungwa na deni. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar inatumia Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005.

9. ILO haina polisi. Inawezaje kuilazimisha nchi?

Haiwezi kumkamata mtu, lakini ina ngazi kadhaa za shinikizo. Nchi hupeleka taarifa, na Kamati ya Wataalamu huzichambua na kuchapisha maoni yake. Chama cha wafanyakazi au cha waajiri kinaweza kuwasilisha malalamiko kwa ibara ya 24 ya Katiba ya ILO. Kwa ibara ya 26 inaweza kuundwa tume ya uchunguzi. Mwisho kabisa ni ibara ya 33, ambapo Mkutano Mkuu huwataka wanachama wote kuchukua hatua dhidi ya nchi husika.

Ibara hiyo ya 33 ilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 2000, dhidi ya Myanmar, baada ya tume ya uchunguzi ya 1998 kueleza jinsi jeshi lilivyowalazimisha wanavijiji kubeba mizigo na kujenga barabara. Mwaka 2002 ILO iliweka afisa wake nchini humo, na mwaka 2007 ukapatikana utaratibu wa wahanga kulalamika bila kuadhibiwa. Hatua hizo baadaye ziliondolewa, ila baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 2021 hali iliharibika tena.

Uzbekistan inatoa funzo lingine. Kwa miaka mingi wanafunzi, walimu na madaktari walipelekwa kwa amri kuchuma pamba. Kampuni za nguo ziliigomea pamba hiyo, wanaharakati wa ndani walipiga picha mashambani huku wakikamatwa, na ILO iliruhusiwa kukagua mavuno. Mgomo wa wanunuzi uliondolewa Machi 2022, baada ya kuthibitishwa kwamba shuruti ya kimfumo ilikuwa imekwisha. Tunaamini kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye angeweza kulimaliza jambo lile peke yake.

Njia ya biashara inazidi kupata nguvu. Marekani ina kifungu cha 307 cha Sheria ya Ushuru ya 1930 kinachozuia bidhaa za kazi za shuruti kuingia nchini, na Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya mwaka 2024 itakayoanza kutumika Desemba 2027, ikikataza kuziuza na hata kuzisafirisha nje. Msafirishaji wa korosho au nguo kutoka Tanzania atapaswa kuwa na majibu kuhusu wafanyakazi wa kila hatua ya bidhaa yake.

## Majumbani na mitaani Dar es Salaam

10. Binti anayenisaidia nyumbani ameletwa na shangazi yangu kutoka mkoani. Hela yake ninamtunzia mpaka mwaka uishe. Nina kosa gani?

Tunaulizwa hivi mara nyingi, na aghalabu na watu wasiokusudia ubaya. Mabinti wengi hushuka stendi ya Magufuli, Mbezi, kutoka Iringa, Dodoma, Singida na kwingineko, wakiwa wamechukuliwa na ndugu au dalali kwa ahadi ya shule au cherehani. Wengine husafirishwa salama na kulipwa vizuri. Kwa wengine, ile ahadi ndiyo udanganyifu wenyewe unaotajwa katika swali la 4.

Kwanza angalia umri. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Mwenye miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na kazi ya hatari haimhusu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kisha angalia fedha. Mshahara hulipwa kwa wakati uliokubaliwa, mkononi mwake au katika akaunti au simu yake mwenyewe. Fedha iliyotunzwa na mwajiri mwaka mzima humfanya binti avumilie matusi, njaa na hata kubakwa, kwa sababu akiondoka mwezi wa 10 atakwenda mikono mitupu. Huenda wewe hukulipanga hivyo, lakini yeye anaishi ndani ya hofu hiyo kila siku. Kama anataka kuweka akiba, msaidie kufungua akaunti kwa jina lake.

Usimpelekee mshahara wote shangazi wala mzazi bila yeye kuridhia. Mpe pia siku ya mapumziko na nafasi ya kuzungumza na kwao bila wewe kusimama pembeni.

11. Nililipa nauli yake na fedha ya dalali. Siwezi kumzuia mpaka ifidiwe?

Hapana. Unaweza kumdai deni halali, na sheria inaruhusu makato ya deni aliloliridhia kwa maandishi, lakini huwezi kuligeuza deni kuwa pingu. Kama unaona hasara, mdai dalali. Msimamo wa ILO kuhusu uajiri wa haki ni kwamba gharama za kumtafuta mfanyakazi hazipaswi kubebwa na mfanyakazi. Anayetaka kuacha kazi anatakiwa kutoa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira. Akiondoka bila notisi kuna njia za kisheria za kudai, na kufunga geti si mojawapo.

12. Ninashika kitambulisho chake ili asiibe na kutoroka. Inaruhusiwa?

Chukua nakala, na umrudishie kitambulisho chake. Kumzuilia nyaraka ni kiashiria kinachotambuliwa duniani kote (swali la 4).

13. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na michango ya nguvu ya kujenga zahanati, si kazi za shuruti?

Mkataba Na. 29 na kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini vinaacha nje huduma ndogo za jamii, kwa masharti ambayo watendaji wengi huyasahau: ziwe ndogo kweli, ziinufaishe moja kwa moja jamii inayozifanya, na wanajamii au wawakilishi wao wawe wameshauriwa kama zinahitajika. Msaragambo wa Upareni, ambapo watu hukubaliana na kutengeneza mfereji wao, unaingia humo bila shida. Amri ya kupeleka watu katika shamba la mtu binafsi au mradi mkubwa wa ujenzi haiingii.

Kamati ya Wataalamu ya ILO imeihoji Tanzania kwa miaka mingi kuhusu sheria zinazoruhusu kuwapeleka watu kazini kwa nguvu kwa ajili ya maendeleo, ikiwemo ile ya Nguvukazi ya mwaka 1983. Wanaoikumbuka Nguvu Kazi watakumbuka jinsi wasio na ajira walivyokamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kulisha taifa, na mbele ya Mkataba Na. 105 nia hiyo haitoshi.

14. Na wafungwa?

Kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, chini ya usimamizi wa mamlaka ya umma, haihesabiwi kuwa shuruti, mradi hakodishwi kwa mtu au kampuni binafsi. Mahabusu ambaye hajahukumiwa hayumo katika ruhusa hiyo.

15. Kiwandani tunalazimishwa saa za ziada. Tuko katika kazi ya shuruti?

Inategemea. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kipindi cha wiki nne, kwa makubaliano na kwa malipo ya mara moja na nusu. Kuzidisha hapo ni ukiukaji wa sheria ya kazi. Huwa shuruti pale anayekataa anapotishiwa kufukuzwa au kunyimwa ujira alioufanyia kazi, au anapofungiwa ndani mpaka asubuhi.

## Nje ya nchi

16. Mwanangu amepata kazi Uarabuni. Nifanye nini kabla hajaondoka?

Hakikisha wakala ana leseni, kwa kuuliza Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) au wizara yenye dhamana ya kazi, na kwa Zanzibar Kamisheni ya Kazi. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, wenye jina na anwani ya mwajiri, mshahara, siku ya mapumziko na anayelipa nauli ya kurudi. Anayesema mkataba atausaini akishafika, au anayempa viza ya matembezi, mkatalie hapo hapo, hata kama tiketi imekwisha kukatwa. Mwachie ndugu nakala ya pasipoti na ya mkataba.

Fahamu pia mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, katika ukaazi wake. Katika nchi kadhaa za Ghuba wafanyakazi wa majumbani wako nje ya sheria ya kazi ya kawaida au wana sheria yao ya pekee. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushahidi wa wanawake wa Kitanzania waliofanyishwa kazi Oman na Falme za Kiarabu wakiwa wamenyang'anywa pasipoti na kunyimwa mapumziko. Mabadiliko yanawezekana: baada ya malalamiko ya mwaka 2014 mbele ya ILO, Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kibali cha mwajiri ili mtu abadili kazi, na mwaka 2021 ikaweka kima cha chini cha riyal 1,000 kinachowahusu pia wafanyakazi wa majumbani. Hata hivyo, mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba bado anaweza asisikie kwamba sheria imebadilika.

17. Kijana wetu aliahidiwa kazi ya kompyuta Asia, sasa analazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Akirudi atafungwa?

Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Cambodia huenda wanashikiliwa katika makambi ya aina hiyo, na vijana wa Afrika Mashariki wamo. Kanuni ya kimataifa, iliyomo katika Itifaki ya 2014, ni kwamba mamlaka ziwe na uwezo wa kutomshtaki mhanga kwa kosa alilolazimishwa kulitenda. Kanuni hiyo hufanya kazi pale inapothibitika kwamba alilazimishwa. Kwa hiyo hifadhini ujumbe wote: tangazo la kazi, jina la aliyemwandikisha, miamala ya simu, na sauti anazotuma. Ripotini kwa polisi na kwa wizara ya mambo ya nje mapema, kabla hajarudi, ili jina lake lianze kuandikwa kama mhanga.

## Kutafuta msaada

18. Niende wapi, na nina muda gani?

Kwa hatari ya sasa hivi, nenda polisi, hasa dawati la jinsia na watoto. Kwa mtoto, piga namba 116, ambayo ni ya bure. Usafirishaji haramu una sekretarieti yake chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Aliye nje ya nchi aanze na ubalozi wa Tanzania.

Kwa mshahara na kuachishwa kazi, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na kufungiwa ndani ni sababu ya kuieleza Tume. Chama cha CHODAWU huwaandikisha wafanyakazi wa majumbani na hotelini, na kinaweza kukusindikiza.

19. Namshuku jirani, lakini sina uhakika. Nikikosea je?

Huhitaji kuthibitisha, kwa sababu hiyo ni kazi ya wapelelezi. Usiende kumkabili mwajiri, maana anaweza kumhamisha binti usiku huo huo. Mpate binti peke yake dukani au bombani, mwulize jina lake, anatoka wapi, na lini alizungumza na mama yake kwa mara ya mwisho. Mpe namba ya 116 kwa kumkaririsha, si kwa karatasi ambayo inaweza kuonekana. Kisha mweleze mwenyekiti wa mtaa au ofisa ustawi wa jamii wa kata ulichokiona na tarehe ulizokiona.